NANI AAMUAYE MTU ASHTAKIWE?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa kuwa wengi waliokosa mkutano wameyaulizia.)



Tumeombwa tuseme leo juu ya jambo ambalo limemgusa kila mmoja wetu, ama yeye mwenyewe, ama ndugu yake, ama jirani yake. Lakini ni wachache sana waliopata kuelezwa. Jambo lenyewe ni hili. Mtu akituhumiwa kosa, ni nani aamuaye kwamba ashtakiwe au asishtakiwe? Na huyo aamuaye, hupima kwa kipimo gani?

Yuko mzee ambaye kijana wake yumo mahabusu mwaka wa tatu sasa, na kila akienda kortini huambiwa upelelezi haujakamilika. Yuko mama ambaye mtoto wake aligongwa na gari, dereva akajulikana, polisi wakaandika, kisha jalada likafungwa na yeye hakuambiwa neno. Watu hawa wawili hawajuani, na shida zao ni mbali mbali. Lakini wote wawili wauliza swali moja: nani kaamua hivi? Twataka kulijibu swali hilo leo, bila matusi na bila woga.

KESI HAIANZI KORTINI

Watu wengi wadhani kesi huanza kortini. Wamwona hakimu ameketi juu, watu wote wanasimama aingiapo, nao husema: huyo ndiye mwenye kauli. Ndugu zangu, sivyo. Kabla hakimu hajaiona karatasi yo yote, kuna mtu mwingine ambaye amekwisha kuamua. Mtu huyo ameketi ofisini mwake, jalada liko mezani, mlango umefungwa. Mshtakiwa hayupo, wakili hayupo, mwandishi wa gazeti hayupo. Akiandika mstari mmoja, mtu aenda kizimbani. Akiandika mstari mwingine, mtu arudi kwake akale na watoto wake. Huyo ndiye mwendesha mashtaka.

Hakimu ni kama mzani wa dukani. Mzani hauendi shambani kutafuta mahindi. Hupima kile kilichowekwa juu yake. Kisichowekwa, haukipimi. Kwa hiyo mwenye kuchagua nini kiwekwe mzanini na nini kiachwe gunia, huyo ana nguvu kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tena nguvu zake hazingoji hukumu. Mtu akishtakiwa tu, hata kama mwisho wake atashinda, amekwisha kupoteza kazi, amekwisha kuuza ng'ombe ili amlipe wakili, na majirani wamekwisha kumwita mwizi.

Yafaa basi tujue tofauti ya kazi. Mlalamikaji hutoa habari. Polisi hupeleleza. Mwendesha mashtaka hulisoma jalada na kuamua. Hakimu husikiliza pande mbili na kuhukumu. Kazi hizi zimetengwa makusudi, na zikichanganywa, haki hupotea. Sisi tunalijua hilo si kwa kusoma vitabuni, bali kwa yale yaliyotupata.

TULIKOTOKA

Wazee waliopo hapa wawakumbuka mabwana shauri. Bwana Shauri alikusanya kodi. Alitoa amri ya kuchimba matuta. Mtu aliyekataa kuchimba, alikamatwa kwa amri iliyotoka ofisi ile ile. Na mara nyingi aliyeketi kumhukumu alikuwa Bwana Shauri huyo huyo, maana alipewa uwezo wa hakimu. Wahenga walikwisha kusema: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Lakini hapo ilikuwa zaidi, maana nyani alikuwa mlalamikaji, mpelelezi, mshtaki na hakimu, yote pamoja.

Tazameni mambo ya Kapenguria, huko Kenya. Mzee Jomo Kenyatta alikamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Yeye na wenzake watano wakapelekwa Kapenguria, mahali pa mbali, wakashtakiwa kwamba waliongoza Mau Mau. Angalieni mpango wa kazi ulivyokuwa: kwanza watu wakakamatwa, ndipo ushahidi ukatafutwa. Shahidi mmoja mkubwa wa Serikali, Rawson Macharia, alidai alimwona Mzee akilisha watu kiapo. Tarehe 8 Aprili, 1953, Mzee akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia huyo huyo akaapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uwongo, na kwamba aliahidiwa zawadi, pamoja na masomo Uingereza. Je, mshtaki wa Serikali alifanya nini alipoyasikia maneno hayo? Je, aliwashtaki waliodaiwa kumnunua shahidi? Hasha! Alimshtaki Macharia kwa kule kuapa kwamba alisema uwongo, naye akafungwa. Na mmoja wa wale sita, Bwana Achieng' Oneko, alishinda rufani mwaka 1954, lakini hakuachiliwa, alibaki kizuizini.

Hapa kwetu, mwaka 1958, Mwalimu Nyerere alishtakiwa mjini Dar es Salaam kwa sababu ya makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU, ikiwalaumu mabwana shauri wawili. Kesi ilisikilizwa mwezi wa Julai, na wananchi walijaa nje ya korti. Mwezi wa Agosti alihukumiwa alipe faini ya Shs. 3,000/- au aende jela miezi 6. Faini ikalipwa. Miaka mitatu na miezi michache baadaye nchi ilikuwa huru, na mshtakiwa yule ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wake.

Twaitaja kesi hii kwa kuwa ina fundisho. Makala ilikuwapo kweli, aliyeiandika hakujificha. Kama swali lingekuwa moja tu, yaani kipo kitu cha kuonyesha kortini au hakipo, basi kilikuwapo. Lakini liko swali la pili: kesi hii ni kwa faida ya nani? Wakoloni wangejibu kwamba ni kwa maslahi ya umma. Umma gani? Umma ulikuwa nje ya korti ukiimba.

MASWALI MAWILI

Basi, ndugu wananchi, hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwendesha mashtaka mwema, awe wa Dar es Salaam, awe wa Nairobi, awe wa London, hujiuliza maswali mawili, tena kwa taratibu. La kwanza likishindwa, la pili haliulizwi.

Swali la kwanza ni la ushahidi. Je, ushahidi uliomo jaladani, ukifika mbele ya hakimu mwadilifu, waweza kumtia mtu huyu hatiani? Hapa haulizi kama polisi wana hakika, au kama mtaa mzima unamnong'ona mtu huyo. Watu husema panapofuka moshi hapakosi moto. Katika mambo ya mitaani huenda ikawa hivyo, lakini kortini moshi si ushahidi. Serikali sharti ithibitishe kosa pasipo shaka, na mzigo huo haumwangukii mshtakiwa hata siku moja.

Tutoe mfano. Duka la mtu limevunjwa saa nane za usiku. Jirani asema alimwona kijana fulani akitoka mbio. Mwendesha mashtaka mvivu husema: shahidi yupo, mpeleke kortini. Mwendesha mashtaka mwema husimamisha kalamu. Auliza: kulikuwa na mwanga gani? Wa taa, au wa mwezi? Jirani alisimama umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Alikuwa akimfahamu kabla? Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania imefundisha kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, na kwamba maswali ya namna hii sharti yajibiwe kabla haujategemewa. Tena mwendesha mashtaka mwema auliza: kijana mwenyewe asemaje? Kama asema usiku ule alikuwa zamu kiwandani, je, kuna mtu aliyekwenda kutazama daftari la zamu? Maana kazi yake si kukusanya yale ya kumfunga mtu peke yake. Na yale ya kumwokoa pia sharti ayatazame. Na kama kijana amekiri polisi, sharti aulize alikiri vipi, maana ungamo lililotolewa kwa fimbo halina thamani.

Ushahidi ukitosha, ndipo lije swali la pili: je, maslahi ya umma yataka mtu huyu ashtakiwe? Wengine hushangaa. Husema, kosa likiwapo, si lazima mtu ashtakiwe? Si lazima. Sheria yenyewe haikutaka hivyo. Mwaka 1951 Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, Sir Hartley Shawcross, alilieleza Bunge la kwao kwamba haijapata kuwa kanuni kwamba kila kosa linalodhaniwa lishtakiwe tu bila kufikiri. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza zimeirithi kanuni hiyo, na yetu mojawapo.

Nayo ina maana. Mtoto wa miaka 11 ameangua maembe ya jirani. Mtoto wa chini ya miaka 10 sheria yetu hainaye kesi kabisa. Huyu amepita umri huo kidogo, na labda yaweza kuonyeshwa kwamba alijua anakosa. Je, apandishwe kizimbani? Mzazi wake alipe maembe, na mtoto aonywe; umma haukuhasirika. Lakini mtunza ghala wa chama cha ushirika aliyeiba fedha za wakulima, hata kama amezirudisha nusu, huyo asiachwe, maana aliaminiwa na watu wengi, na akiachwa wengine watamwiga. Basi hupimwa uzito wa kosa, umri wa mtu, hali ya aliyedhulumiwa, miaka iliyopita, na kama ipo njia nyingine ya kuliponya jambo.

Lakini yako mambo ambayo kamwe hayafai kuingia mzanini: kabila la mtu, dini yake, chama chake, mfuko wake, na ujamaa wake na wakubwa. Na juu ya yote, ndugu zangu, tulishike neno hili: maslahi ya umma si jina jingine la maslahi ya Serikali. Serikali yaweza kuaibishwa na jambo ambalo umma umefaidika nalo. Anayeyachanganya mambo haya mawili, hata awe Mwafrika mwenzetu, amekaa katika kiti cha mkoloni bila kukibadilisha.

DHAMBI MBILI

Mwenye uwezo huu aweza kukosa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumshtaki asiyestahili. Ya pili ni kumwacha anayestahili. Wengi wetu huiona moja tu, kwa kadiri ya upande tuliosimama. Lakini zote mbili ni dhuluma.

Juu ya kumwacha anayestahili, jirani zetu wa Kenya wana habari ambayo hawataisahau upesi. Mwezi wa Aprili, 2005, mtu wa ukoo wa Lord Delamere, wenye shamba kubwa huko Bonde la Ufa, alimpiga risasi na kumwua askari wa wanyamapori, Mmaasai, aliyekuwa kazini. Alisema alidhani ni majambazi. Akashtakiwa kwa kuua; lakini mwezi wa Mei Mwanasheria Mkuu aliiondoa kesi, kwa maelezo kwamba ushahidi hautoshi. Hakuna hakimu aliyeupima ushahidi huo. Wamaasai wakaandamana kwa uchungu. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, mtu huyo huyo alimpiga risasi mwananchi mwingine katika shamba hilo hilo, naye akafa. Safari hii kesi iliendelea, na mwaka 2009 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa kifungo cha miezi 8. Sisi hatusemi kwamba uamuzi wa mwaka 2005 ulinunuliwa; hatuna ushahidi wa kusema hivyo, na tumekwisha kusema kwamba moshi hautoshi. Twasema hivi: uamuzi mkubwa namna ile ulifanywa na mtu mmoja, na sheria ya wakati ule haikumlazimu aombe ruhusa ya korti. Hata kama alikuwa na sababu njema, watu hawakuiona. Na haki isiyoonekana huacha kidonda.

Katika Katiba mpya ya Kenya, ya mwaka 2010, uwezo huo ulitolewa kwa Mwanasheria Mkuu ukapewa Mkurugenzi wa Mashtaka, na Katiba ikasema kwamba hawezi kuiondoa kesi pasipo ruhusa ya mahakama. Hilo ni jambo jema, na twaliona linafaa kuigwa.

Juu ya kumshtaki asiyestahili, au kumwondolea mtu mashtaka kwa amri ya wakubwa, hata Uingereza hawakusalimika. Mwaka 1924 mhariri wa gazeti moja la Makomunisti, Bwana J. R. Campbell, alishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1797 kwa sababu ya barua iliyowaambia askari wasiwapige risasi wafanyakazi wenzao. Baada ya siku chache mashtaka yakaondolewa. Wapinzani wakauliza Bungeni: je, ni Mwanasheria Mkuu aliyebadili fikira zake mwenyewe, au mawaziri walimwamuru? Kwa swali hilo Serikali ya Bwana Ramsay MacDonald ilishindwa kura Bungeni mwezi wa Oktoba, na uchaguzi ukaitishwa, nayo ikashindwa tena. Serikali nzima ikaanguka kwa sababu watu hawakujua nani aliishika kalamu. Na Shawcross, mwaka ule wa 1951, aliirudia kanuni iliyotokana na fujo kama hizo: mshtaki mkuu aweza kuuliza habari kwa wenzake Serikalini, lakini uamuzi ni wake peke yake, wala haifai aamriwe.

HALI YETU SISI

Na sisi je? Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, katika korti za chini, polisi waliokamata na kupeleleza ndio waliosimama kushtaki. Mwaka 2005 Katiba yetu ilibadilishwa, ikaingizwa ibara ya 59B. Ibara hiyo yampa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote ya jinai. Yasema kwamba atakuwa huru na hataingiliwa na mtu wala mamlaka yo yote. Tena yamtaka ayazingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia taratibu za haki zisitumiwe vibaya, na maslahi ya umma. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya utumishi wa mashtaka, na kazi ya kushtaki ikaanza kutolewa mikononi mwa polisi. Mwaka 2018 ikasimamishwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Zanzibar nayo ina Mkurugenzi wake mwenyewe.

Maneno hayo ni mazuri, nasi twayaheshimu. Lakini karatasi haimtoi mtu mahabusu. Yako makosa ambayo kwa sheria yetu hayana dhamana, kama vile kuua, uhaini, ugaidi na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema sheria hiyo ni halali. Sasa fikirini wenyewe. Kama jina la kosa ndilo liamualo mtu alale kwake au alale mahabusu, basi mwenye kuchagua jina la kosa ameshika ufunguo wa jela kabla ya hakimu. Akiongeza neno moja katika hati ya mashtaka, dhamana imekwisha. Twakumbuka viongozi wa Uamsho wa Zanzibar, waliokaa mahabusu zaidi ya miaka 6 kwa mashtaka ya ugaidi. Mwezi wa Juni, 2021, mashtaka yakaondolewa, nao wakaenda kwao. Ama walistahili kuhukumiwa, ama walistahili kuachwa mapema. Miaka ile hawakuhukumiwa wala hawakuachwa. Na hakuna mtu awezaye kumrudishia mwanadamu miaka yake.

Hatukatai kwamba mema yamefanyika. Ilikuwapo sheria iliyompa Mkurugenzi uwezo wa kuzuia dhamana kwa kuandika hati tu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliitupa, kwa kuwa haipatani na Katiba. Mwaka 2022 Bunge lilibadilisha sheria ya mwenendo wa jinai, ikasema kesi isifunguliwe kortini kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Huo ni ushindi. Lakini tuutazame vizuri mlango ulioachwa wazi: wanaokaa mahabusu miaka mingi ni hao hao wa makosa makubwa. Aliyeiba kuku sheria imemponya. Anayetajiwa kosa zito angali akingoja.

TWATAKA NINI?

Ndugu wananchi, hatukuja hapa kuwatukana waendesha mashtaka. Wengi wao ni vijana wetu, wanafanya kazi ngumu, majalada yamejaa mezani, na vitisho hawavikosi. Mwendesha mashtaka anayekataa kumshtaki asiye na kosa, huku mkubwa fulani amekasirika na simu inalia, huyo ni askari wa Uhuru kama aliye mpakani. Twataka asimame akijua kwamba umma uko nyuma yake. Kwa hiyo twataka mambo manne.

Kwanza, kipimo kile cha maswali mawili kichapwe kwa Kiswahili chepesi na kibandikwe kila kituo cha polisi na kila korti, ili hata asiyepata kusoma asomewe. Kipimo kisichojulikana na mwenye kupimwa, hakina tofauti na kipimo cha mlanguzi.

Pili, jalada likifungwa, mlalamikaji aambiwe sababu kwa maandishi, naye awe na njia ya kuomba jambo litazamwe upya na mtu mwingine. Uingereza wamewapa walalamikaji njia ya namna hiyo tangu mwaka 2013. Haikuwavunjia nchi.

Tatu, kesi isiondolewe kortini kwa kalamu ya mtu mmoja. Hakimu aulizwe, na sababu isemwe mbele ya watu. Wala mtu asiondolewe mashtaka saa nne asubuhi, akakamatwa tena saa nne na nusu kwenye geti la korti kwa maneno yale yale.

Nne, hata makosa makubwa yawekewe kikomo cha upelelezi. Kama Serikali, yenye magari, maabara na askari, haikupata ushahidi kwa miaka kadhaa, ni halali gani mwananchi aendelee kuulipia ukosefu huo kwa mwili wake?

NA SISI TUFANYE NINI?

Lakini tusimame na sisi wenyewe. Nani huenda kituoni kumwambia askari, “Mweke ndani kwanza, tutazungumza baadaye”? Ni sisi. Nani hugeuza deni la biashara likawa kesi ya wizi, ili mdaiwa alipe kwa hofu? Ni sisi. Nani huona tukio kwa macho yake, kisha shahidi anapoitwa, asema, “Mimi simo”? Ni sisi. Mwendesha mashtaka hawezi kujaza jalada kwa upepo. Wananchi wakikataa kusema kweli, mkosaji ataachwa, nasi tutapiga kelele kwamba amehonga. Na wananchi wakisema uwongo, asiye na kosa atafungwa, nasi tutakuwa tumemfunga.

Basi kila tawi lichague watu wawili au watatu wanaojua kusoma na wasioogopa. Mwanachama akipatwa na jambo, wamsaidie kupata namba ya RB na kuitunza, kuandika tarehe kila aendapo, kuuliza jalada liko wapi: kwa mpelelezi, au kwa mwendesha mashtaka? Likiwa kwa mwendesha mashtaka, barua ipelekwe ofisi ya mashtaka ya wilaya au ya mkoa, kwa adabu, nakala ibaki. Asiyejua mlango hubisha ukuta. Wengi wetu miaka yote tumebisha ukuta: twamlilia hakimu ambaye hana jalada, twamlaumu askari ambaye amekwisha kulipeleka.

Wale mzee na mama tuliowataja hawatafuti upendeleo. Mzee hasemi kijana wake ni malaika; asema, kama amekosa na ahukumiwe, kama hakukosa na arudi nyumbani. Mama hasemi dereva anyongwe. Asema, mniambie kwa nini hamkumshtaki. Katika nchi iliyojitawala, mtu aliyeshika kalamu kwa jina la umma anadaiwa jibu na umma. Twende tukalidai, kwa adabu, kwa maandishi, na bila kuchoka.

Uhuru na Haki!